Nuru Si Weupe: Mwanga, Ngozi na Nguo katika Studio za Picha za Pwani ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anaposema kwamba uso wa mtu una nuru, hasemi kwamba uso huo ni mweupe. Nuru yaweza kuwa ya bibi harusi aliyesingwa kwa liwa, ya mzee mcha Mungu, au ya mtoto aliyepakwa mafuta ya nazi. Na ngozi za watu hao zaweza kuwa nyeusi, nyeupe, au za rangi ambayo lugha imeipa jina lake zuri la maji ya kunde. Katika matumizi ya kawaida ya lugha, nuru na weupe ni sifa mbili. Mtu mweusi aweza kusifiwa kwa kung'aa, na mtu mweupe akaambiwa kwamba uso wake hauna nuru.

Kamera ilipofika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, ilikuja na kipimo ambacho hakikuitambua tofauti hiyo. Kwa kamera, palipopokea mwanga mwingi palitoka peupe, na palipopokea mwanga mchache palitoka peusi. Zaidi ya hayo, kemikali za wakati ule hazikuwa sawa mbele ya rangi zote: baadhi ya rangi zilionekana, na nyingine hazikuonekana kabisa. Mhadhara huu unahusu namna watu wa pwani walivyokwenda studio wakiwa wamevaa na kujipamba, namna walivyomulikwa huko, na kile ambacho picha zilihifadhi na kile zilichopoteza. Hoja yake ni moja. Picha hizo hutumiwa leo kama ushahidi wa mavazi, wa tabaka na wa sura za watu, lakini haziwezi kusomwa sawasawa kabla ya kusomwa mwanga uliozitengeneza.

Dirisha na jua la utosi

Upigaji picha ulitangazwa rasmi huko Paris mwaka 1839. Tangu mwaka huo hadi umeme ulipoenea, taa kuu ya studio ilikuwa jua. Vitabu vya mafunzo vya Ulaya viliagiza kwamba dirisha kubwa la studio, au paa lake la kioo, litazame kaskazini. Sababu yake ilikuwa wazi. Katika nchi hizo jua la mchana hupita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupokea mwanga wa anga tu, ambao ni mlaini, hauna vivuli vikali, na haubadiliki upesi. Mtu aliyeketi ubavuni mwa dirisha hilo alimulikwa shavu moja, na ubao mweupe uliowekwa upande wa pili ulirudisha mwanga kidogo kwenye shavu lililobaki gizani.

Kanuni hiyo haikuweza kuhamishiwa pwani bila kubadilishwa. Unguja iko takriban digrii 6 kusini mwa Ikweta, Mombasa digrii 4, na Lamu zaidi kidogo ya digrii 2. Kwa Unguja, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini kuanzia takriban mapema Oktoba hadi mapema Machi, na katika miezi iliyobaki huwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo hapana dirisha ambalo limekingwa na jua mwaka mzima. Tena, jua la pwani ni jua la utosi. Mwanga unaotoka juu kabisa hutia giza kwenye matundu ya macho, hutupa kivuli cha pua juu ya midomo, na huacha shingo nzima gizani. Kwa uso ulionakshiwa kwa wanja, hasara ni kubwa zaidi, maana wanja na kivuli huchanganyika, na jicho lililopambwa ili lionekane hupotea.

Fundi aliyetaka uso usomeke alipaswa kulikimbia jua lilelile lililokuwa taa yake. Njia zilikuwa chache: kumweka mtu chini ya ukumbi au sebuleni karibu na mlango, kutandaza kitambaa chembamba cheupe ili mwanga utawanyike, au kungoja asubuhi na alasiri, mwanga unapokuja kwa mshazari. Nyua za nyumba za mawe zenyewe zilikuwa na faida. Ukuta wa chokaa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, na mtu aliyesimama kivulini akiuelekea ukuta huo humulikwa kwa ulaini sawa na ule wa dirisha la kaskazini.

Bamba lisiloona wekundu

Miongoni mwa studio za mwanzo zilizojulikana sana Unguja ni ile ya A. C. Gomes, mpiga picha mwenye asili ya Goa, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1860. Baadaye zilifuata nyingine, ikiwamo ya ndugu wa ukoo wa Coutinho. Studio hizo ziliwapiga picha watawala, wafanyabiashara na wageni. Pia zilitoa kadi za posta zilizobeba sura za wanawake wa mjini waliovaa kanga, mara nyingi wawili wawili, mmoja akimwegemea mwenziwe. Kwa maana halisi ya neno, hizo ni picha za mitindo na urembo. Nguo ilipangwa ionekane, nywele zilisukwa kwa ajili ya siku ile, na mkao ulichaguliwa.

Kilichokuwa nyuma ya picha hizo ni mabadiliko mazito ya kijamii. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, ingawa masuria hawakuingizwa katika utaratibu huo hadi mwaka 1909. Kabla ya hapo, merikani isiyotiwa rangi na kaniki vilitambulika kuwa nguo za watumwa na mafukara. Kanga, iliyokuwa imeanza kuenea katika nusu ya pili ya karne ya 19, ikawa mojawapo ya njia ambazo wanawake waliotoka utumwani walizitumia kutangaza kwamba wao sasa ni waungwana wa mji. Kuvaa kanga mpya yenye rangi kali na kusimama mbele ya kamera kulikuwa tamko. Kwa mwanahistoria, basi, rangi ya nguo katika picha hizo si jambo dogo.

Hapa ndipo tatizo linapoanza. Mabamba ya kioo yaliyotumiwa tangu miaka ya 1850, na yale ya jelatini yaliyofuata miaka ya 1870, kwa asili yake yaliona buluu na zambarau tu. Rangi ya samawati ilitoka nyeupe. Manjano ilitoka nzito kuliko jicho lilivyoiona. Na nyekundu ilitoka nyeusi. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel wa Ujerumani aligundua kwamba rangi fulani zikitiwa katika kemikali za bamba huliwezesha kuona pia kijani na manjano. Mabamba ya aina hiyo, yaitwayo othokromatiki, bado hayakuona wekundu. Yale ya pankromatiki, yanayoona rangi zote, yaliingia sokoni mwaka 1906, na yalichukua miaka mingi kuenea katika studio za kawaida.

Mfano wa kisutu unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kisutu ni kanga ya harusi, na hadhi yake imo katika rangi zake tatu, yaani nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mbele ya bamba lisiloona wekundu, rangi tatu zinakuwa mbili. Nyekundu inaungana na nyeusi, na nakshi iliyotegemea mpaka kati ya rangi hizo inafutika. Anayeitazama picha hiyo leo anaona nguo ya rangi nyeusi na nyeupe, na katika orodha ya makavazi huandikwa hivyo hivyo. Kumbe aliyeivaa alikuwa amevaa wekundu, na pengine ni wekundu huo aliokuja kuuonyesha. Vivyo hivyo, nguo ya buluu iliyopauka yaweza kudhaniwa kuwa nyeupe, na mvaaji wake akapewa hadhi ambayo nguo yake haikuisema.

Ngozi ilitendewa vivyo hivyo. Ngozi yenye rangi ya maji ya kunde hurudisha mwanga mwingi zaidi katika wekundu kuliko katika buluu. Bamba lililoona buluu peke yake liliukosa ule mwanga wenyewe unaoifanya ngozi hiyo ionekane yenye joto na uhai, na likaitoa ikiwa nzito kuliko jicho lilivyoiona. Aidha, katika sehemu za giza za picha ngazi za rangi hubanana. Watu wawili ambao lugha ingewatofautisha, mmoja mweusi na mwingine maji ya kunde, waliweza kutoka sawa. Ngozi ya Mzungu nayo ilitoka na madoa na mabaka, lakini haikupoteza umbo la uso. Upungufu wa kemikali haukukusudiwa kumdhuru mtu, ila madhara yake hayakugawanywa sawa. Mgeni aliyenunua kadi ya posta huko Ulaya aliona weusi usio na ngazi, akaamini kuwa ndivyo watu wa pwani walivyo.

Taa za umeme na mng'ao wa ngozi

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Katika miongo iliyofuata studio hiyo iliwapiga picha watu wa kila namna, kuanzia jamaa za Sultani hadi wananchi wa kawaida waliotaka kumbukumbu ya Idi au ya harusi. Mombasa nako, baada ya Vita Kuu ya Pili, studio ya Narandas Parekh ikawa miongoni mwa mahali ambapo vijana wa mji walikwenda wakiwa wamevaa nguo zao bora.

Wakati huo mitindo ya kumulika ilikuwa ikitengenezwa mbali na pwani. Edward Steichen alianza kazi katika majarida ya Condé Nast huko New York mwaka 1923, na akaifanya taa ya umeme kuwa kalamu ya picha za mitindo. Studio za Hollywood ziliweka utaratibu uliokuja kuigwa duniani kote: taa kuu ya kuchora uso, taa dhaifu ya kulainisha vivuli, na taa ya nyuma ya kutenganisha nywele na pazia. Kwa picha za urembo, taa kuu iliwekwa juu kidogo, mbele kabisa ya uso, ili kivuli kifupi cha pua kishuke katikati na mashavu yachongeke. Wakazi wa miji ya pwani waliijua sura hiyo hata kama hawakuujua utaratibu wake, kwa kuwa filamu za Marekani, za Misri na za India zilionyeshwa katika sinema zao. Waliokuja studio walikuwa wamekwisha kuona uso wa nyota wa filamu ukielea katika nuru, nao walitaka vivyo hivyo.

Taa ya umeme ya waya wa tungsteni ina wekundu mwingi na buluu kidogo. Ilipokutana na filamu ya pankromatiki, mambo yaligeuka. Ule mwanga ambao bamba la zamani liliukosa sasa ulipokewa kwa wingi, na ngozi ya maji ya kunde ikatoka na ngazi zake zote. Mabadiliko haya hayakutokea siku moja, kwa sababu filamu ya othokromatiki iliendelea kupendwa na mafundi wengi. Iliweza kusafishwa chini ya taa nyekundu, fundi akiona kazi yake. Hata hivyo, pale ambapo taa na filamu hizo zilikutana, fundi alipata kitu ambacho jua na bamba la kale havikuwa vimempa.

Lakini wingi wa mwanga haukutosha. Ngozi nyeusi hufichua umbo lake kwa namna tofauti na ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeupe, umbo la shavu huonekana kwa vivuli: upande mmoja mwanga, upande mwingine giza. Katika ngozi nyeusi, kivuli hakina nafasi kubwa ya kushuka. Umbo huonekana kwa mng'ao, yaani ile sehemu ya mwanga inayoruka juu ya ngozi kama inavyoruka juu ya maji. Taa ndogo kali hutoa nukta kali ya mng'ao, na sehemu nyingine zote hubaki gizani. Taa pana, au taa inayopitishwa kwenye kitambaa au kuelekezwa ukutani, hutoa mng'ao mpana unaofuata mfupa wa shavu, paji la uso na bega. Fundi anayefanya kazi hivyo haongezi taa mbele ya uso. Huisogeza ubavuni, na kuiacha ngozi yenyewe ichore.

Kwa mtazamo huu, desturi za urembo za pwani zilikuwa nusu ya kazi ya kumulika. Mafuta ya nazi yaliyopakwa usoni na mikononi huongeza mng'ao, poda huuzima. Aliyekuja studio amejipaka mafuta alileta taa yake mwenyewe juu ya ngozi, na fundi aliyempaka poda ili kumfanya mweupe aliiondoa. Kulikuwa na njia ya tatu pia. Penseli laini ilipopitishwa juu ya negativu ilizuia mwanga wakati wa kuchapa, na mahali hapo palitoka peupe katika picha. Ufundi huo ulikuwa wa kawaida katika studio duniani kote. Uliweza kufuta kasoro, na uliweza pia kubadilisha rangi ya mtu. Nuru na weupe, vitu viwili katika lugha, vilikuwa sasa machaguo mawili mezani pa fundi.

Kanzu nyeupe, uso mweusi

Rangi zilipoingia katika studio, tatizo la zamani lilirudi kwa sura mpya. Filamu ya rangi huvumilia tofauti ndogo zaidi kati ya mwanga na giza kuliko filamu ya nyeusi na nyeupe. Harusi ya pwani humweka mbele ya kamera mtu aliyevaa kanzu nyeupe. Kitambaa hicho hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, ilhali uso mweusi ulio juu yake hurudisha kiasi cha sehemu moja ya kumi au pungufu. Ukipimia uso, kanzu inapoteza mishono na tarizi. Ukipimia kanzu, uso unazama. Dawa yake ni ya taa tu: kupunguza mwanga unaoangukia kifua, na kuelekeza mwingi zaidi usoni.

Kasoro nyingine ilikuwa nje ya uwezo wa fundi. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya mfano iliyotolewa na kampuni ya Kodak, iliyokuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hiyo iliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi aliyepigwa picha ya kwanza. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imesawazishwa. Marekebisho makubwa ya filamu ili ipokee vyema rangi za kahawia yalikuja baadaye sana, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitolewa miaka ya 1990. Bibi harusi wa Mombasa au Tanga aliyeona uso wake ukiwa na wekundu usio wake hakuwa na namna ya kujua kwamba picha yake ilipimwa kwa uso wa mtu mwingine.

Sitara

Kumulika kuna mpaka wake. Katika maadili ya Kiswahili, sitara ni thamani inayolingana na uzuri, na si kila kizuri hutakiwa kuonwa na kila jicho. Mwanamke aliyelivua buibui ndani ya studio ili apigwe picha na hina yake na dhahabu yake alikubali mwanga kwa masharti. Picha ilikuwa ya nyumbani, ya albamu, ya macho yenye haki. Kadi za posta za mwanzo zilivunja mpaka huo, kwa kuwa ziliuza sura bila majina kwa watu wasiojulikana.

Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyeishi kati ya miaka 1932 na 1993, alifuata njia nyingine. Alikata picha na kuziunganisha, akaweka sura za watu ndani ya maumbo mapya. Katika picha za namna hiyo mwanga hautoki upande mmoja, wala hautafuti kumdanganya mtazamaji kwamba vyote vilikuwa mahali pamoja. Ni ukumbusho kwamba picha ya studio hutengenezwa, na kwamba watazamaji wa pwani walilielewa hilo vyema.

Lugha nayo ilitunza uelewa huo. Kitenzi piga, kinachoambatana na kazi nyingi za chombo kama piga pasi na piga rangi, kiliipokea kamera kama chombo kimoja zaidi. Filamu ilipotoka kwenye kamera ilikwenda kusafishwa, kana kwamba sura ilikuwamo tayari na ilihitaji tu kuondolewa uchafu. Na mwanga ulipozidi au kuvuja, watu walisema picha zimeungua. Katika usemi huo mwanga si sifa njema isiyo na kikomo. Ni moto, nao hupika na hubabua.

Hitimisho

Mwaka 2022 ilitolewa ngazi ya rangi kumi za ngozi iliyotayarishwa na mwanasosholojia Ellis Monk kwa ushirikiano na kampuni ya Google, ili kamera na programu zipimwe kwa nyuso za watu wengi zaidi. Wakati huohuo, programu za simu humwezesha mtu yeyote kuupausha uso wake kwa kidole, na jambo hilo halina budi kukumbusha penseli ya fundi wa zamani na mkorogo wa dukani. Suala lililoikabili studio ya Gomes halijaisha. Limehamia mikononi mwa kila mtu.

Kwa wanafunzi wa taaluma za Kiswahili, kuna kazi mbili zilizo karibu. Ya kwanza ni ya makavazi: maelezo yanayosema kanga nyeusi au mwanamke mweusi chini ya picha za kabla ya filamu ya pankromatiki yarudiwe, na mahali ambapo rangi haiwezi kujulikana pasemwe hivyo. Ya pili ni ya msamiati. Mafundi wazee wa Unguja, Mombasa, Lamu na Dar es Salaam walikuwa na maneno ya kazi yao, ya taa, ya vivuli, ya ngozi na ya kusafisha, ambayo hayamo katika kamusi na yanaondoka pamoja nao. Maneno hayo yakikusanywa, yataonyesha kama mafundi hao walifuata kipimo cha kamera, au kile cha lugha yao, ambayo tangu awali ilijua kwamba nuru si weupe.